Jasho la Mwimbaji ni Halali ya Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharamisha dhuluma. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa Utume, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja katika darsa yetu, baada ya sala ya Isha, alisimama kijana wa mtaani petu, akatoa bahasha yenye fedha, akasema kuwa ni mchango wake wa kisima cha msikiti. Tukamshukuru, tukamwombea dua. Lakini kijana hakukaa. Akasema: "Maalim, kabla hamjazipokea nataka niulize. Kazi yangu mwaijua. Nina kompyuta dukani, na watu huniletea simu zao nikawajazia taarabu, kasida na nyimbo za kila namna, kwa shilingi kumi kumi. Nyingine nazipakua katika intaneti, nyingine nanakili kwa wenzangu. Hakuna hata mwimbaji mmoja niliyepata kumlipa. Je, fedha hizi ni halali?"

Baadhi ya waliohudhuria wakacheka. Mmoja akasema: "Nyimbo zenyewe ni haramu, basi utamdhulumu nani?" Mwengine akasema: "Mbona duniani kote watu wafanya hivyo?" Na wa tatu akasema: "Pokeeni fedha, kisima kimekwama."

Walakini hatukucheka sote. Mbele ya duka la kijana huyo pana baraza, na barazani hapo hukaa mzee mmoja aliyekuwa mwimbaji katika ujana wake. Kila alasiri mzee huyu huisikia sauti yake mwenyewe ikitoka dukani, ikiuzwa kwa wapita njia, na yeye mara nyingi hana nauli ya kwendea hospitali. Hakupata kushitaki wala kugombana na mtu. Hukaa tu akasikiliza.

Tulimwambia kijana azishike fedha zake mpaka juma la pili, nasi tukarudi vitabuni. Haya tuyaandikayo leo ndiyo jawabu tulilompa. Tumeona tuyachapishe kwa sababu maradhi haya si yake peke yake. Yamo mifukoni mwetu sote, kila mwenye simu.

Kwanza yafaa tujue jambo hili limetufikaje. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, aliyetaka kumsikia nyumbani mwake alikuwa hana budi kuinunua santuri hiyo, kwani mtu wa kawaida hakuwa na mashine ya kutoa santuri ya pili. Kisha kampuni ya Philips ikatoa kaseti mwaka 1963, na zilipoenea, kila mwenye redio ya kaseti mbili akaweza kunakili. Lakini kaseti ya saa moja ilimtaka akae saa moja, na sauti ikififia kila inaponakiliwa. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Shawn Fanning, alianzisha Napster, ambapo watu walibadilishana nyimbo kupitia intaneti bila ya malipo; mahakama za huko zikaamua dhidi yake, na mwaka 2001 ikasita. Lakini mlango ulikwisha funguka. Leo mtoto wa madrasa aweza kuhamisha nyimbo mia kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, na wa mia ni safi kama wa kwanza. Wepesi huu ndio uliotughuri. Tumedhani kwamba kitu kilicho chepesi kuchukuliwa ni kitu kisicho na mwenyewe.

Tuitazame asili ya hukumu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu ametukataza kulana mali zetu kwa njia ya batili, akatoa biashara iliyo na ridhaa ya pande mbili. Katika Suratul Aaraf, aya ya 85, ametusimulia jinsi Nabii Shuaib alivyowaamrisha watu wa Madyan watimize vipimo na mizani, wala wasiwapunguzie watu vitu vyao. Wafasiri wamelitazama neno hilo "vitu vyao" wakaona kuwa ni pana kuliko pishi ya nafaka; laingia kila lililo haki ya mtu. Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Imamu Ahmad na wengineo, amefundisha kuwa mali ya mtu haimhalalikii mwengine ila kwa ridhaa ya moyo wake. Hakusema kwa kutojua kwake, wala kwa kunyamaza kwake kwa sababu ya unyonge. Amesema kwa ridhaa ya moyo.

Basi twauliza: mwimbaji aliyekesha kutunga, akalipa wapigaji, akalipa chumba cha kurikodia, akaitoa sauti yake iuzwe apate chakula cha watoto, je, moyo wake huridhika aionapo ikiuzwa na mtu mwengine asiyempa hata senti? Anayetaka jawabu asitafute mbali. Na ajiulize yeye mwenyewe, lau mahamri aliyoyapika mkewe alfajiri yangechukuliwa na mpita njia akayauze sokoni, angeridhika?

Baada ya asili hiyo, tuzitazame hoja za watu moja moja, kwani shetani hamwambii Muislamu "iba". Humpa hoja kwanza.

Hoja ya kwanza, na ndiyo iliyotusikitisha zaidi kwa kuwa yatoka kwa watu wa dini, ni kusema: "Muziki ni haramu, na kitu cha haramu hakina thamani katika sharia, basi mwenye kukichukua hakudhulumu."

Hukumu ya ala za muziki si maudhui yetu leo. Wanavyuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza, na wako kama Ibn Hazm waliozijuzisha, na msimamo wa darsa yetu msomaji aujua. Lakini hebu tuseme kuwa ni haramu kama wasemavyo. Aliyeitakidi kuwa kitu ni haramu amewajibikiwa na nini? Amewajibikiwa kukiacha! Hatujapata kumwona Muislamu aliyesema kuwa nguruwe ni haramu, kisha akaenda kumwiba nguruwe wa mtu usiku, akamla, na asubuhi akasema: "Sikumdhulumu mtu, kwani nguruwe hana thamani." Lakini twamwona kila siku anayesema kuwa wimbo ni haramu, naye ameujaza katika simu yake, ausikiliza garini, auweka arusini kwake, na inapofika saa ya kulipa ndipo akumbukapo kuwa ni haramu. Uchamungu gani huu unaoamka penye kulipa na kulala penye kusikiliza? Mtu huyu amekusanya makosa mawili kwa hisabu yake mwenyewe: amefanya alionalo kuwa haramu, na amekula haki ya mtu.

Na lau wangesoma vizuri vitabu wanavyotusomea, wangeona insafu ya wanavyuoni wetu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa misikitini mwetu tangu zama za mababu, ameeleza kuwa kuiondoa ala ya upuuzi katika umbo lake hakumlazimishi mtu kulipa. Lakini kauli iliyo sahihi zaidi, asema, ni kuwa ala hiyo haivunjwi ovyo ovyo, bali hutenganishwa sehemu zake zirudi kama zilivyokuwa kabla ya kuunganishwa. Kwa nini? Kwa sababu mbao na nyuzi ni mali ya mwenyewe. Tazama, msomaji, jinsi walivyochunga: hata kwa yule waliyemwona katika makosa, walimhifadhia vipande vya mbao. Wala hakuna katika wao aliyesema: "Mnyang'anye udi wake, uende nao nyumbani ukaupige."

Kisha Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Maida, aya ya 8, kuwa kuchukia watu kusitupelekee kuacha uadilifu. Basi chukia kazi ya mwimbaji ukitaka, mnasihi, mwombee dua. Lakini kumchukia hakukupi funguo za sanduku lake. Na zaidi ya hayo, kijana huyu alikuwa akiuza pia kasida zisizo na ala na visomo vya Kurani walivyovirikodi wasomaji ili waviuze. Hivyo navyo ni haramu? Hoja imewafia mkononi.

Hoja ya pili ni kusema: "Mimi sikuiba, kwani wimbo bado anao mwenyewe. Kama ningechukua mbuzi wake angebaki bila mbuzi; lakini huu nimenakili tu."

Ni kweli kuwa huku si wizi ule ambao mafakihi wameuwekea sharti zake za hirizi na nisabu, wala hatukusema kuwa mwenye kunakili hukatwa mkono. Lakini si kila kisichokatiwa mkono ni halali! Ghushi haikatiwi mkono, kula amana hakukatiwi mkono, kumnyima mwajiriwa ujira wake hakukatiwi mkono, na yote ni katika madhambi makubwa. Mtu apandaye mashua ya kutoka Mokowe kwenda Lamu, kisha akashuka bila ya kutoa nauli, amepunguza nini? Mashua ingekwenda hata bila ya yeye, na mafuta yangechomwa yale yale. Lakini hakuna mtu wa Lamu atakayesema kuwa huyo hakumla nahodha.

Sisi watu wa pwani ni wafuasi wa Imamu Shafi, na katika madhehebu yake manfaa huhesabiwa mali kama kinavyohesabiwa kitu chenyewe. Mahanafi wa zamani walihitilafiana naye katika hili. Kwa ajili hiyo mafakihi wetu wasema kuwa mtu akiighusubu nyumba ya mwenziwe akakaa mwaka mzima, akairudisha haikupungua hata jiwe moja, bado adaiwa kodi ya mwaka. Atalipa nini na nyumba ipo? Atalipa manfaa aliyoyala. Basi wimbo ni kama nyumba ile: umebaki kwa mwenyewe, lakini manfaa yake, ambayo ndiyo yaliyomfanya autoe, yameliwa na wengine.

Wala hili si jambo tulilolizua sisi. Majlisi ya fikihi ya nchi za Kiislamu, iliyokusanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, iliamua kuwa haki za watungaji na wavumbuzi ni haki zinazohifadhiwa na sharia, kuwa wenyewe wana ruhusa ya kuzitumia na kuziuza, na kuwa haijuzu kuzivuka. Walikuwako wanavyuoni kabla ya hapo walioona kinyume. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani alikuwa mmoja wao, na mwanawe, Mufti Taqi Usmani, akaona kuwa haki hiyo ni ya kuchungwa. Hivyo ndivyo elimu iendavyo: mtoto humheshimu babake na dalili huifuata. Na kwa hali yoyote, palipo na hitilafu kubwa, mwenye kuiogopea dini yake hushika upande usio na shaka.

Nayo serikali ya Kenya iliweka Sheria ya Hakimiliki, namba 12 ya mwaka 2001, iliyompa mtungaji haki yake katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ikaliwo na warithi wake. Muislamu aishiye katika nchi yuko katika ahadi, na sharia isiyomwamrisha kumuasi Mola wake ameamrishwa kuitimiza. Basi hana hoja wala kwa Mungu wala kwa watu.

Hoja ya tatu ni kusema: "Wenye nyimbo na filamu hizi ni makampuni ya Ulaya na Marekani, ni matajiri, na wengi wao si Waislamu."

Jawabu lake alikwisha litoa Mtume (s.a.w.) kwa vitendo. Usiku aliotoka Makka kuhajiri, mwaka 622, makafiri wa Kikureshi walikuwa wamekula njama ya kumwua. Nyumbani mwake zilikuwamo amana za watu wa Makka. Lau mali ya kafiri adui ingekuwa halali kwa sababu ya ukafiri na uadui, hapo ndipo pangekuwa mahala pake. Lakini alimwacha Sayyidna Ali nyuma, katika hatari ile, azirudishe amana kwa wenyewe. Na alipokuja Mughira bin Shuuba kusilimu, naye alikuwa amewaua wenziwe aliosafiri nao zamani za ujahilia na kuchukua mali zao, Mtume, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, aliupokea Uislamu wake, na ile mali akasema kuwa yeye hana lake ndani yake. Mali ya washirikina, iliyochukuliwa kwa hiana, hakuitaka hata kwa manufaa ya Waislamu. Leo sisi twataka kuijengea kisima?

Hoja ya nne ni kusema: "Ni kitu kidogo, shilingi kumi, na watu wote wafanya."

Ama kuwa watu wote wafanya, si dalili. Watu wa Madyan wote walikuwa wakipunja. Ama kuwa ni kidogo, na tukumbuke habari ya Midam, mtumishi wa Mtume, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Baada ya vita vya Khaibar alipigwa na mshale usiojulikana umetoka wapi, akafa, na watu wakampongeza kwa kupata pepo. Mtume akawakataza, akawaambia kuwa shuka aliyoichukua siku ya Khaibar katika ngawira kabla ya kugawanywa yamwakia moto. Watu waliposikia hayo wakaogopa, na mmoja akaja na ukanda wa kiatu au kanda mbili, akaambiwa kuwa huo nao ni ukanda wa moto. Shuka moja! Ukanda wa kiatu! Na sisi katika kila simu tumebeba mia mbili, mia tatu, tukalala nazo chini ya mto.

Udogo wake pia ni wa kudanganya. Shilingi kumi ni kidogo kwa yule anayeitoa mara moja. Kwa mzee wa barazani, ambaye watu elfu kila mmoja alimnyima kidogo chake, ni maisha mazima. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Muslim, aliwauliza masahaba zake mufilisi ni nani, kisha akawafahamisha kuwa ni yule ajaye siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, ilhali amemtukana huyu na kula mali ya yule. Basi hao huchukua katika mema yake mpaka yakaisha, kisha hutwikwa madhambi yao. Unamjua mwimbaji yupi uliyemla? Siku hiyo yeye atakujua.

Hoja ya tano yatoka kwetu sisi wenyewe, nasi hatuna budi kuisema, kwani asemaye kweli juu ya wenziwe na akajificha mwenyewe si mwenye kunasihi. Ni ile ya kusema: "Elimu haifichwi, basi vitabu na mawaidha ni vya Waislamu wote."

Tulipokuwa twaitafuta hukumu ya yule kijana, mmoja wetu aliuliza: "Na sisi je?" Tukatazama. Tulikuta kuwa kitabu tulichowasomesha wanafunzi wetu mwaka uliopita, ambacho mtungaji wake yuko hai na akiuza mwenyewe, tulinunua nakala moja tu, nyingine zote tukazitoa fotokopi, tukawauzia wanafunzi kwa bei ya karatasi na kidogo juu yake kwa faida ya madrasa. Tukakuta kuwa hata programu ya kompyuta tuliyokuwa tukipangia waraka huu, waraka ambao kazi yake ni kuwakataza watu batili, ilikuwa ni ya kunakili, hatukuilipia. Wallahi tuliona haya. Tulikaa kimya, hapana aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Kuficha elimu kulikokatazwa ni kule kwa mtu anayeulizwa jambo la dini akalifinika. Mtungaji aliyeandika kitabu akakichapisha hakuficha. Ameidhihirisha elimu, na akataka arudishiwe gharama yake na apate riziki. Elimu iliyomo ukiisoma unaweza kumfundisha mtu yeyote kwa ulimi wako, bila ya malipo. Kilicho chake ni kile kitabu kwa umbo alilokitoa. Na ikiwa Mtume (s.a.w.) amekubali kuwa hata Kitabu cha Mwenyezi Mungu chaweza kuchukuliwa ujira juu yake, kama ilivyo katika Bukhari, vipi iwe haramu kwa mtungaji kuupata ujira wake, na iwe halali kwetu kuuchukua?

Basi tulimpelekea mtungaji thamani ya nakala tulizozitoa, tukamwomba radhi. Na programu ile tukaifuta, tukaweka nyingine ambayo wenyewe wameitoa bure kwa kila mtu duniani. Herufi unazozisoma hivi sasa zimepangwa kwa hiyo.

Yabaki hoja ya masikini asemaye: "Sina fedha." Twamhurumia, lakini dharura inayohalalisha kilichokatazwa ni ya mtu anayeogopea roho yake, na hakuna aliyekufa kwa kukosa wimbo. Tena mlango wa halali haukufungwa. Alichokitoa mwenyewe bure, akaruhusu watu wakisikilize au wakichukue, hicho ni hiba yake, na kukikataa si uchamungu. Kinachorushwa na redio, sikiliza. Nyimbo na mawaidha ambayo wenyewe wameyaweka katika intaneti yasikilizwe bila ya malipo, yasikilize hapo walipoyaweka. Usimpe mwengine alichokunyima mwenyewe ruhusa ya kukitoa, wala usikiuze. Na ukitaka zaidi, nunua. Ukishindwa, subiri. Mababu zetu waliikusanya bei ya santuri moja kwa miezi, na hawakufa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alipokuja juma la pili tulimwambia hivi: Toba ya haki za watu haitimii kwa kusema "astaghfirullah" peke yake. Sharti zake ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kuirudisha haki kwa mwenyewe au kumtaka msamaha. Imamu Ghazali amelifafanua jambo hili katika Ihya, na Imamu Nawawi akalinakili: mwenye mali ya haramu mkononi mwake, ikiwa mwenyewe ajulikana, ampe; akiwa amekufa, awape warithi; na ikiwa hajulikani wala hapana tamaa ya kumpata, aitoe katika manufaa ya Waislamu wote, kama vile madaraja na misikiti.

Kijana akafurahi, akasema: "Basi kisima ni manufaa ya Waislamu." Tukamwambia: "Naam, lakini hicho ni kiwango cha mwisho. Cha kwanza ni yule anayejulikana. Na mmoja wao anajulikana. Hukaa barazani kwako."

Kijana akainamisha kichwa. Kesho yake baada ya Alasiri tulikwenda naye. Alimtolea mzee salamu, akambusu mkono, akamweleza yote bila ya kujitetea, akaiweka mbele yake sehemu aliyoikadiria kuwa ilitokana na nyimbo zake, na juu yake akaongeza kwa ihtiyati. Mzee alikaa kitambo hakusema neno. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilikuwa nimekwisha kusamehe. Lakini miaka yote hii wewe ndiye wa kwanza kuja kuniuliza." Akachukua kiasi cha nauli na dawa, akamrudishia kilichobaki, akamwombea dua ya riziki ya halali.

Zile fedha nyingine, ambazo wenyewe hawakuweza kupatikana, zilipokewa kwa ajili ya kisima, baada ya kijana kufahamishwa kuwa hiyo si sadaka yake. Thawabu ya maji ni ya wenye mali, popote walipo; yake yeye ni thawabu ya kutubu, nayo si ndogo. Duka bado lipo. Siku hizi atengeneza simu, auza vifaa vyake, na anayemjia kujaziwa nyimbo humwambia kwamba kazi hiyo ameiacha. Amesema kuwa pato limepungua. Hatukumwahidi kuwa litazidi. Tulimwahidi kuwa dua yake sasa haina kizuizi cha lokoma ya haramu.

Ndugu yetu msomaji, hatukuandika haya umcheke kijana yule, kwani yeye alisimama mbele za watu akauliza, na wengi wetu tumekaa. Usiku huu, kabla hujalala, fungua simu yako uitazame. Kilicho na mwenyewe na hukuridhiana naye, kilipie au kifute. Ukimjua mwenyewe, mwendee angali hai. Wazee waliotuimbia arusini mwetu, waliotusomea maulidi na kasida, waliotutungia vitabu, wanapungua mmoja mmoja, na haki isiyolipwa barazani italipwa mahala ambapo hakuna shilingi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake atuepushe na haramu yake, azisafishe nyumba zetu na mifuko yetu, na awajaalie vijana wetu waone haya kula jasho la mtu. Yeye ndiye mwenye kuwafikisha.